Nguzo Namba Saba

Nilikuja na utepe wa kupimia, penseli mbili,
na barua yenye mihuri minne
kutoka ofisi ambayo karani wake
aliniuliza kama ishara za treni zinalipa.
Nikamwambia: zililipa. Hakuelewa. Akagonga muhuri.

Stesheni ya Lubumbashi, siku ya tatu ya treni ya Kindu,
yaani siku ya tatu ya kuingoja.
Magodoro yamekunjwa na kufungwa kwa kamba za nailoni,
kuku wamechoka kulalamika,
mtu na mkewe wanagombana kwa sauti ndogo
juu ya sufuria iliyosahauliwa Katuba.
Kipaza sauti kinakohoa, kinasema "Kamina",
kisha kinanyamaza kabla ya kutaja saa.

Naruka miguu ya watu, samahani, samahani,
natafuta nguzo namba saba.
Kwenye ramani ya mwaka hamsini na mbili ipo:
duara dogo, mstari, mkono ulionyooka.
Hapa chini pana shimo la maji ya mvua
na boliti nne zenye kutu
zimeishika hewa kwa nguvu zote.

Naandika: kipenyo, kimo, umbali kutoka reli.

"Uko unapima nini, mama?"
Ni Chilufya, muuza vitumbua.
"Natafuta mkono wa chuma. Mwekundu, una mstari mweupe.
Ukilala sawasawa, treni inasimama.
Ukiinama, inapita."
Anaangalia meza yake.
Na mimi naangalia meza yake.

Chini ya beseni, chini ya plastiki ya maua,
wekundu uliobanduka, utepe wa weupe.
Umelala sawasawa.
Na kweli, kila mtu anasimama hapo.

Nilipiga magoti kwenye unga na mafuta.
Sentimita mia moja thelathini na nane.
Matundu mawili ya vioo, moja tupu.

Katika daftari la wafanyakazi, lile walilobakiza panya,
babu yangu hana jina. Ana namba, 4417,
na faini: alichelewa dakika sita kuwasha taa.
Kila jioni alipanda ngazi na kopo la mafuta,
akashuka, akapanda nyingine.
Sisi nyumbani Kamalondo tulijua tu
kwamba mikono yake ilinuka utambi
hata siku ya Pasaka,
na kwamba hakuvumilia mtu aliyemwambia "ngoja kidogo".

Lakini kioo kilichobaki ni buluu.
Kanuni inasema kijani. Nimeisoma mara tatu.
Nawasha tochi ya simu nyuma yake:
buluu, kama maji ya kufulia mashati meupe.
Naandika "kilibadilishwa", naweka alama ya kuuliza.

"Subiri umeme ukatike," anasema Chilufya,
kama mtu anayesema subiri usiku uingie.

Haikupita nusu saa.
Giza, kelele ya stesheni nzima, kisha kicheko.
Akawasha koroboi yake, akaisogeza nyuma ya kioo,
moto wa njano, mwembamba, unatetemeka,
na kioo kikawa kijani.

Kijani cha kweli. Kijani cha kanuni.
Basi buluu ilikuwa nusu tu ya neno,
na nusu nyingine mtu aliipandisha ngazini
kila jioni, ndani ya kopo.

Nilikuwa sijafuta ile alama ya kuuliza
mzee mmoja wa Kongolo, aliyelala juu ya gunia,
alipofungua macho, akaona,
akainuka, akakaza mkanda, akajitwika.
Mwanamke wa karibu akamwamsha mtoto.
Magodoro yakaanza kusogea upande wa reli tupu.
Kipaza sauti hakikuwa kimesema kitu.

"Zima, zima!" Chilufya anaziba mwali kwa kiganja.
"Wataondoka hawajanilipa."